Mama, Bado Una Kazi Kanisani

Leo sogezeni viti tukae karibu, maana swali la mama mmoja wa miaka 78 limeninyima usingizi. Magoti yamegoma, anasema, kile kilima cha kwenda kanisani hakipandiki tena, macho hayaoni maandishi ya Biblia, na kwenye kwaya ya akina mama nafasi yake ina mtu mwingine. "Sasa mimi ni Mkristo wa kazi gani, mwanangu?"

Mama, kwanza nikutue mzigo. Kubaki nyumbani Jumapili kwa ajili ya magoti si kurudi nyuma kiimani. Kwa Wakatoliki, hata sheria ya kufunga haimbani tena mtu akishaanza mwaka wake wa 60, na asiyeweza kutembea hupelekewa Komunyo nyumbani. Walutheri na Waanglikana nao, mchungaji huwafuata wazee wao na meza ya Bwana. Ila mchungaji hapigi ramli, lazima aambiwe. Mtume mtu kwa mwenyekiti wa jumuiya, useme wiki hii mnasali kwako. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, zilikusudiwa kukutana majumbani. Viti vya plastiki na chai ya rangi vinatosha.

Na macho? Mwombe mjukuu akusomee sura moja kila jioni. Yeye atajua anamsaidia bibi, kumbe Neno linapita kinywani mwake na kuingia masikioni mwake.

Hapo ndipo ilipo kazi yako. Loisi, bibi yake Timotheo, ametajwa mara moja tu katika Biblia nzima, na hakuna hata hubiri lake moja lililoandikwa. Paulo alipotafuta chanzo cha imani ya kijana yule, alianzia kwa bibi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na daftari la shule lenye majina ya wajukuu wote. Alfajiri, kabla ya chai, aliweka kidole gumba chini ya jina, akalitaja kwa sauti, akaliombea, kisha kidole kikashuka. Binamu yangu mmoja alikuwa ameacha kanisa kabisa. Bibi hakumsuta hata siku moja, wala hakumuuliza Jumapili alikuwa wapi. Siku moja binamu mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Bibi, leo umefika kwangu?" Mama zangu, wajukuu wetu wamesemwa vya kutosha. Wasimulie. Waambie ulivyofiwa ukabaki unasali, na usiku ule uliposhindwa kusali pia usiufiche. Kijana anayesikia kwamba bibi naye aliwahi kuwa na mashaka atakuletea ya kwake.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Wapo wanaozunguka mitaani wakiwauzia wazee mafuta na maji ya upako, mpaka kiinua mgongo kinaisha. Anayekudai pesa ili Mungu akuponye magoti, usimfungulie mlango. Maombi hayana bei. Magoti yapelekwe hospitali, na huko pia Mungu yupo.

Nanyi wadogo zangu mlioko mjini, kumtumia mama pesa kwenye simu ni vizuri, lakini hakumfikishi kanisani. Zungumza na bodaboda mmoja mwaminifu, au jirani mwenye gari, amchukue walau Jumapili moja kwa mwezi. Ukimpigia simu, usikate kabla hamjasali pamoja. Mwache yeye aongoze, hata akirefusha.

Mama yangu wa miaka 78, jioni hii tafuta daftari, umwambie mjukuu aandike majina, na la kwake liwe la kwanza.