Somo la Biashara: Mteja Ananunua Nini Hasa?

Wafanyabiashara wengi wadogo wa kaunti yetu wana swali moja: bidhaa ni nzuri, bei si mbaya, mbona haitoki? Katika somo hili tutalijibu kwa mfano wa mafuta ya nazi, bidhaa ambayo kila nyumba hapa Kilifi inaijua. Mwenye kibanda cha mboga au fundi cherehani naye atapata lake humu.

Tuseme mama mmoja amekopa shilingi 12,000 kwenye chama. Amenunua nazi, amekuna, amechuja tui, amelipika mpaka mafuta yakajitenga, na amejaza chupa 40 za nusu lita. Kila chupa anaiuza shilingi 600. Mbele ya kibanda ametundika bango: "Mafuta asilia, safi, bora, bei nafuu. Karibuni nyote." Miezi miwili baadaye chupa 28 bado zinamtazama, na mwisho wa mwezi chama kinataka pesa zake.

Mafuta hayana kasoro. Tatizo ni kwamba bango lile linaweza kutundikwa kwenye kibanda chochote, hata cha viatu. "Bora" na "safi" ni sifa anazojipa muuzaji mwenyewe. Mteja anayepita anajiuliza jambo jingine kabisa: yatanifaa nini mimi?

Jibu halipatikani kwa kukaa na kuwaza. Mama huyu ana wateja waliokwisha kununua chupa 12. Awaulize: "Dada, yale mafuta uliyatumia kwa nini?" Huenda akagundua kwamba chupa tano zilikwenda kwa msusi mmoja anayeyatumia kulainisha nywele kabla ya kusuka. Nyingine zilichukuliwa na akina mama wa watoto wachanga, kwa kupaka ngozi. Aliyedhani anauza mafuta ya kupikia, kumbe soko lake liko saluni na kliniki ya watoto!

Hata makampuni makubwa hujifunza hivi. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio kuanzia mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwasaidia watu waliokopa pesa ndogo ndogo walipe mikopo yao kwa simu. Waliokuwa wakifuatilia majaribio wakaona watu wanatumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo halikuzungumzia mikopo wala mitambo. Lilizungumzia kutuma pesa nyumbani, jambo ambalo kila aliyekuwa akimpa kondakta wa basi bahasha alilielewa mara moja.

Turudi kwa mama yetu, maana bado hatujamgusa mteja mwenye faida kuliko wote: anayelalamika. Mtu wa Kilifi anayeishi Limuru alinunua chupa mbili akiwa nyumbani likizo. Wiki iliyofuata akapiga simu: "Mama, haya si mafuta ya nazi. Yameganda, meupe pe! Umenichanganyia mafuta ya kupikia."

Muuzaji angeweza kukasirika na kukata simu. Lakini mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa pwani ni nadra kuyaona hivyo mchana, kwa hiyo hatukumbuki kumwambia mteja wa bara. Limuru asubuhi ya Julai yataganda tu, tena ndivyo yanavyotakiwa. Mteja aliyeona kasoro alikuwa ameshika mafuta halisi mkononi, ila hakuna aliyemweleza.

Basi lebo mpya ijibu swali kabla halijaulizwa: "Mafuta ya nazi ya Kilifi. Yakiganda kwa baridi hayajaharibika: weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yatarudi kama yalivyokuwa." Lilelile lililozusha ugomvi sasa linamwelimisha mnunuzi. Bango nalo libadilike kulingana na anayepita. Karibu na saluni: "Hulainisha nywele kabla ya kusuka." Msusi akisoma hayo anajua ameitwa yeye.

Kuna jambo la kipimo pia. Mtu mwenye shilingi 100 mfukoni hana la kufanya na chupa ya 600, hata akiyapenda mafuta kiasi gani. Ukigawa nusu lita katika vichupa vya mililita 60, unapata vichupa vinane na mafuta kidogo ya kumnusisha mteja. Vinane kwa shilingi 100 ni 800. Toa shilingi 120 za vichupa vitupu, kwa shilingi 15 kila kimoja, unabaki na 680. Andika kiasi waziwazi kwenye kichupa. Anayeweza kununua chupa kubwa ajue kwamba kubwa ndiyo nafuu, achague mwenyewe.

Tahadhari moja. Katika kutafuta maneno ya kuvutia, wengine huandika kwamba mafuta yao yanaponya kisukari au presha. Usiandike. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo. Zaidi ya sheria, kuna mgonjwa anayeweza kuacha dawa zake kwa sababu ya lebo yako. Sema lile ambalo wateja wako wenyewe wameliona, na kama unataka kupeleka bidhaa kwenye maduka makubwa, ulizia mapema alama ya ubora ya KEBS.

Zoezi la wiki mbili: weka daftari karibu na sanduku la pesa. Kila mteja akiuliza swali, liandike kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni "Hii inatoa harufu?" Aliyeshika bidhaa kisha akairudisha, andika pia alichosema. Baada ya siku 14, hesabu swali lililojirudia zaidi. Jibu lake ndilo liandikwe juu kabisa kwenye bango lako jipya, kwa herufi kubwa.