Felti ya Madirisha ya Land Rover ya Zamani

Somo hili ni la vikundi vilivyo na Land Rover ya Series III, ile iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, au iliyotangulia hiyo. Kikundi kikikutana huzungumzia injini, tairi na bima. Dirisha halitajwi mpaka siku mama mjamzito anapofikishwa hospitali akiwa amelowa ubavu mzima, au mbegu zinapoota ndani ya gunia.

Kioo cha mlango wa gari hili hakipandi wala kushuka. Huteleza mbele na nyuma katika reli za chuma zilizotandikwa felti, yaani kile kitambaa kizito chenye manyoya. Felti hushika kioo kisigongegonge, huzuia vumbi, na hukifanya kiteleze bila kukwaruzwa. Ikiisha, kioo kinaanza kelele, na barabara zetu mnazijua: baada ya kelele ni kupasuka.

Lakini hasara kubwa iko mahali msipopaona. Watu husema Land Rover haishiki kutu. Kwa bodi, ni kweli: tangu ile ya kwanza ya 1948 bodi imekuwa ya alumini, kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Fremu ya dirisha je? Ndani ni chuma, nje imevikwa alumini. Felti iliyochoka hunyonya maji kama sponji na kukusanya mchanga. Tumeona hata majani yameota humo. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu, vinaharibiana. Alumini inageuka unga mweupe, chuma kinavimba na kumomonyoka. Mkichelewa hamnunui felti tena, mnanunua fremu nzima.

Kazi yenyewe inataka watu wawili wenye subira na siku kavu. Fremu ya dirisha imekaa juu ya mlango, na imefungwa kwa nati mbili upande wa chini. Zitieni mafuta jioni ya kuamkia kazi, maana mkilazimisha nati yenye kutu, mtavunja skurubu yake. Ikishatoka, ilazeni juu ya gunia mezani. Kabla ya kufungua kitu kingine, choreni kwenye karatasi reli ipi ilikaa wapi na kioo kipi kilikuwa nje. Halafu fungueni skurubu za reli, mtoe reli na vioo pamoja, polepole. Skurubu iliyooza itobolewe kwa drili.

Sasa hapa msiharakishe. Sugueni fremu kwa brashi ya waya na msasa hadi kutu yote itoke, pakeni rangi ya kuzuia kutu, hata ndani ya matundu, kisha acheni ikauke kabisa. Fundi atakayewaambia rangi si lazima anawatafutia kazi nyingine mwaka ujao.

Reli mpya huuzwa zikiwa na felti tayari. Kateni kwa kupimia reli ya zamani, na msiitupe mpaka mpya ikae sawa. Kama reli zenu bado ni nzima, badilisheni felti peke yake, kwa gundi kidogo upande wa mgongo tu. Gundi ikifika kwenye manyoya, kioo kitakwama. Reli ya chini ina matundu ya kutolea maji; toboeni felti pale pale kwa msumari, la sivyo mmetengeneza bakuli. Na kila kichwa cha skurubu kilale chini kabisa, kwa sababu kikichomoza kitachora kioo siku ya kwanza.

Wengine huweka kipande cha blanketi. Tunaelewa, pesa ni shida, na kwa wiki mbili si vibaya. Lakini blanketi likilowa linavimba na kioo hakisogei. Raba ya tyubu ndiyo mbaya zaidi, inang'ang'ania kioo. Msitie grisi wala oili kwenye felti, maana vumbi litaganda humo liwe kama msasa. Kioo kikiwa kigumu, nyunyizeni poda ya mtoto kidogo.

Mkisharudisha fremu, mwageni jagi la maji kwenye dirisha kutoka nje. Maji yote yatoke nje. Yakiingia ndani, angalieni matundu kwanza, kisha kona.

Kwa mkutano ujao: wanachama wawili wakague kila dirisha, watikise kioo kwa mkono, wachokonoe reli ya chini kwa kijiti na kutafuta unga mweupe kando ya fremu. Waandike walichokiona katika daftari la gari. Kisha mjadiliane: ni nani anayesafisha reli hizo kabla ya mvua za masika, na mfuko wa gari unaweza kununua reli za mlango upi kwanza?