Utata Unaotokana na Eneo: Neno Moja, Maana Mbili

Utata ni hali ya neno, kifungu cha maneno au sentensi kuwa na maana zaidi ya moja. Chanzo kimojawapo, ambacho ni rahisi kukisahau kwenye mtihani, ni tofauti ya matumizi kati ya eneo na eneo.

Soma sentensi hii. Kijana wa Bweranyange, mkoani Kagera, anayefanya kazi Nairobi, anawaandikia wazazi wake:

"Nitakuja Desemba na bibi yangu."

Wazazi wanashangaa, kwani bibi yake anaishi nao hapo hapo nyumbani. Nchini Kenya, bibi ni mke. Tanzania, kwa kawaida, ni mama wa baba au wa mama. Kijana ametangaza ndoa na nyumbani hakuna aliyeelewa.

Kwa nini tofauti hizi zipo? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha. Tahajia na kamusi zikaunganishwa, lakini mazungumzo ya kila siku yaliendelea kukua katika kila nchi kwa njia yake.

Mifano ya kukumbuka

1. Nyanya: Tanzania ni tunda la kupikia mboga, Kenya ni tunda hilo na pia bibi.
2. Stima: kamusi hutaja meli ya mvuke, Kenya ni umeme.
3. Luku: Tanzania ni umeme wa kulipia kabla ya kutumia, kwa vijana wa Kenya, "kupiga luku" ni kuvaa na kupendeza.
4. Mkazi: katika Kiswahili sanifu ni mtu anayeishi mahali fulani. Katika Kinyambo, omukazi ni mwanamke. Mtahiniwa wa Karagwe au Kyerwa akumbuke kwamba "wakazi wa Bweranyange" ni wanaume, wanawake na watoto wote.

Lugha nyingine nazo zina utata huu. Katika Bunge la Uingereza, kuweka hoja mezani ni kuileta ijadiliwe. Marekani ni kuiahirisha. Winston Churchill alisimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili, maofisa wa nchi hizo walibishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo, kumbe wote walitaka jambo lile lile. Bunge la Tanzania hufuata maana ya Uingereza: hati huwasilishwa mezani ili zifanyiwe kazi.

Namna ya kuondoa utata

(a) Tumia upatanisho wa kisarufi. "Nyanya wangu amefika" ni mtu. "Nyanya zangu zimefika" ni matunda. Lakini njia hii haisaidii kwa neno bibi, kwani mke na mama mzaa mama wote hupatanishwa kwa a-/wa-.
(b) Ongeza maelezo: "bibi yangu mzaa baba".
(c) Badili neno: "mke wangu".

Swali la mfano

Eleza utata katika sentensi: "Stima imepotea."

Jibu: Sentensi ina maana mbili. Kwanza, meli ya mvuke haijulikani ilipo. Pili, kwa matumizi ya Kenya, umeme umekatika. Utata umesababishwa na neno stima kuwa na maana tofauti kulingana na eneo.

Zingatia: Swali la utata likija, toa maana zote na utaje chanzo. Maana moja pekee ni nusu ya jibu. Katika insha na barua, chagua neno ambalo msomaji wa eneo lolote atalielewa kwa namna moja.

Zoezi

1. Andika upya sentensi ya kijana wa Bweranyange kwa namna mbili, kila moja iwe na maana moja tu.
2. Tunga sentensi mbili kuonesha kuwa upatanisho wa kisarufi unaweza kuondoa utata.
3. Taja neno moja la lugha ya kwanza unayoijua linalofanana na neno la Kiswahili lakini lenye maana tofauti. Fafanua.