Siku za Kwanza za Kupe Sikioni

Kupe wa masikio, yule wa kahawia anayejazana ndani ya sikio la ng'ombe, hana haraka na mlo wake. Akishatoboa ngozi hukaa palepale siku kadhaa. Mate yake ya kwanza huganda kama saruji na kumshikilia. Yanayofuata huzuia damu isigande, tena yana protini zinazonasa histamini, kemikali inayoleta uvimbe na mwasho. Protini hizo zilitengwa kutoka kwa kupe huyuhuyu, Rhipicephalus appendiculatus, miaka ya 1990.

Mate hayohayo ndiyo njia ya Theileria parva, kimelea cha ndigana kali. Kupe hazaliwi nacho. Hukipata kwa kunyonya damu ya ng'ombe mwenye maambukizi, kisha huanguka, hujivua ngozi na kupanda mnyama mwingine. Wakati huo kimelea kilichomo katika tezi za mate bado hakijakomaa. Joto la ng'ombe na kunyonya kwenyewe ndivyo vinavyokiamsha, na kwa kawaida hupita siku tatu au nne kabla ya maelfu ya vimelea kuanza kutoka na mate.

Siku hizo ni mali ya mfugaji. Kupe akifa mapema, mara nyingi hajaambukiza bado. Ndiyo sababu penye ndigana nyingi mifugo huogeshwa kila wiki, hata mara mbili, na masikio hupakwa dawa kwa mkono kwa kuwa bomba la kunyunyizia halifiki ndani vizuri.

Siku hizo zikipita, kimelea huingia katika seli nyeupe za damu na kuzilazimisha zigawanyike bila kikomo, kama za saratani, nacho hugawanyika pamoja nazo. Tezi chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji. Ng'ombe asiyetibiwa anaweza kufa ndani ya wiki chache. Dawa ya buparvakwoni, ikiwahi, huua kimelea, na seli huacha kugawanyika.

Chanjo ipo. Ilibuniwa Muguga, Kenya: vimelea hai kutoka kwa kupe waliosagwa hudungwa pamoja na oksitetrasaiklini ili ugonjwa uje kwa wepesi na kuacha kinga. Wafugaji wa Kimaasai kaskazini mwa Tanzania wameipokea vizuri kwa ndama wao. Lakini aliyechanjwa asiachishwe josho, maana kupe wengine huleta ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu, magonjwa ambayo chanjo hii haiyakingi.