Somo la Tisa: Kiambishi hu- cha Mazoea katika Masimulizi ya Likizo Ugenini

Katika somo lililotangulia tuliona jinsi -li- inavyoanzisha masimulizi na jinsi -ka- inavyoyasukuma mbele. Sasa twaingia katika kiambishi ambacho kwa umbo ni chepesi, lakini kwa matumizi hutukosesha mara nyingi: hu- ya mazoea. Tutakichunguza kupitia insha ya mwanachuo mmoja wa Rwanda aliyesoma Unguja mwaka mmoja. Aliiandika wakati wa likizo, akaipeleka Huye ili wasomewe wanafunzi wa shule aliyotoka. Tunanukuu sehemu yake:

"Likizo ilipofika sikurudi nyumbani, kwa kuwa nauli ilinishinda. Nilikaa kwa wenyeji wangu mjini. Watu wa Unguja hula muhogo na pweza kila asubuhi. Mwezi wa Julai tulikwenda Makunduchi, kusini mwa kisiwa, kuangalia Mwaka Kogwa. Wanaume wa Makunduchi hupigana kwa vigogo vya migomba, na wanawake huimba. Kisha walichoma nyumba. Tukala, tukashiba, tukarudi mjini usiku."

Mwalimu anayesahihisha kwa kalamu nyekundu hataona pa kuishusha. Viambishi vimekaa mahali pake na upatanisho ni timamu. Hata hivyo, insha ilipokwisha kusomwa huko Huye, mtoto mmoja aliuliza: "Mwenye nyumba alilala wapi?" Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

Tuanze na umbo, ambalo halitatuchelewesha. Kiambishi hu- hushika nafasi ya kiambishi cha nafsi na cha wakati kwa pamoja: mimi hupika, wewe hupika, wao hupika. Vitenzi vya silabi moja hupoteza ku- (hula, hunywa, huja), lakini kwenda na kwisha hutoa huenda na huisha. Yambwa hupachikwa kama kawaida: humpa, huwapikia. Katika ukanushi, hu- haina umbo lake yenyewe, bali huazima ukanushi wa wakati uliopo: kinyume cha "wao hula pweza" ni "wao hawali pweza".

Katika mazungumzo wengi wetu husema anaendaga, na wenzetu wa Kivu na Katanga husema anaendaka. Kwa Mnyarwanda mvuto huo ni mkubwa zaidi, maana lugha yake ina nakoraga kwa kazi niliyokuwa nikiifanya. Hatuoni haja ya kumkemea mtu kwa usemi wa nyumbani kwake, ila katika maandishi rasmi tutashika hu-. Na desturi iliyokwisha kukoma tutaieleza kwa -likuwa pamoja na -ki-: walikuwa wakipiga ngoma hapa.

Sasa turudi kwenye pweza. Mwanachuo alimsomea mama mwenye nyumba insha yake, naye akacheka hata akaweka upawa chini. Pweza alikuwa ameliwa asubuhi mbili tu. Ulikuwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali sana na miamba kuwa wazi. Ndugu yake alikuja kutoka Jambiani na pweza mkononi, na mgeni alikuwapo. Siku nyingine zote kijana alikunywa chai kwa mkate, lakini hilo hakuliandika, maana halikumshangaza. Hapa ndipo penye hatari ya hu- kwa aliye ugenini: jambo la ajabu lililotukia mara mbili hugeuka kuwa tabia ya watu wote. Sentensi aliyokuwa na haki nayo ni hii: "Asubuhi mbili tulikula muhogo na pweza."

Huko Makunduchi kosa ni la namna mbili. "Wanaume wa Makunduchi hupigana", pasipo kutajwa siku wala sababu, ni kuwatukana. Mwaka Kogwa ni sherehe ya mwaka mpya wa Nairuzi, wenye asili ya Uajemi. Jina lake latokana na kukoga, yaani kuoga. Kupigana huko ni sehemu ya sherehe: watu hutoa kinyongo cha mwaka unaokwisha, kisha hula pamoja na wageni. Je, tuseme "walipigana"? Hapo tungewafanya wagomvi wa siku ile. Kinachotakiwa ni hu- iliyofungwa kwa wakati wake: "Kila mwaka, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba."

Kuhusu nyumba, mambo ni kinyume. Hapo hu- ilistahili, naye akaweka -li-. Kinachochomwa ni kibanda cha makuti kilichojengwa kwa ajili hiyo, nacho huchomwa kila mwaka. "Walichoma nyumba" ni habari ya polisi, na mtoto wa Huye alikuwa na haki ya kumhurumia mwenye nyumba.

Mwanachuo aliuliza, na kwa kweli swali lake lilitupa kazi: mtu aliyeona mara moja atapata wapi ruhusa ya kutumia hu-? Jibu letu ni kwamba ataipata kwa wenyeji, na aseme kuwa ameipata kwao: "Mzee mmoja alinieleza kuwa kibanda huchomwa kila mwaka." Macho yake yampe -li-, masikio yake yampe hu-.

Masikio nayo hukosea. Jioni moja ya Ramadhani kijana huyu, ambaye si Mwislamu lakini alikuwa ameshinda bila kula kwa kuwastahi wenyeji, aliwekewa uji wa pilipili manga. Alikawia kuugusa. Mama akamwuliza, "Mwanangu, hunywi uji?" Yeye akasikia hunywa, akajibu kwa adabu, "Ndiyo, mama." Bakuli likaondolewa. Tofauti yote imo katika irabu ya mwisho: hunywa ni mazoea, hunywi ni ukanushi wa nafsi ya pili, na "ndiyo" huthibitisha kukanusha huko. Alipaswa kujibu, "La, mama, nanywa."

Mazoezi

1. Kanusha: (a) Sisi hula futari pamoja. (b) Yeye huja Ijumaa. (c) Watoto huenda kwa bibi yao siku ya Idi.

2. Eleza tofauti ya maana: "Hula nyama" na "Huli nyama".

3. Andika aya moja juu ya sikukuu uliyoiona mara moja tu, mahali usipokuwa mwenyeji. Pigia mstari kila hu-, kisha taja pembeni ni nani aliyekupa. Isiyo na mwenyewe, igeuze kuwa -li-.