Jokofu Lililopangwa Hulinda Matumbo ya Nyumba Nzima
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

Jokofu hufanya kazi gani?

Wengi wetu huamini kwamba chakula kikishaingia kwenye jokofu kimeshapona. Sivyo. Baridi haiui vimelea vya magonjwa. Huvipunguzia tu kasi ya kuzaliana. Vimelea hivyo hustawi kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selisiasi, na joto la kawaida la jikoni Dar es Salaam, Tanga au Mombasa limo humo humo. Kwa hiyo jokofu hutupa muda, nasi tuutumie vizuri, hasa palipo na watoto wadogo, wajawazito, wazee na wagonjwa.

Baridi iwe ya kutosha

Jokofu liwe chini ya nyuzijoto 5, na friza iwe 18 chini ya sifuri. Namba za kwenye kitufe si nyuzijoto. Katika majokofu mengi, namba kubwa ndiyo baridi kali. Usilijaze pomoni, kwani hewa baridi huhitaji nafasi ya kuzunguka. Mpira wa mlango nao ujaribu: bana karatasi mlangoni, kisha ivute. Ikichomoka bila kukaza, mpira umelegea na baridi inavuja.

Kila kitu na mahali pake

- *Rafu za juu na kati:* viporo, maziwa, mtindi na vyote vilivyo tayari kuliwa, vikiwa vimefunikwa.
- *Rafu ya chini:* nyama, kuku na samaki wabichi, ndani ya chombo chenye mfuniko kisichovuja. Maji yao yakidondokea kachumbari, hakuna moto utakaoua vimelea hivyo, maana kachumbari hailiwi ikiwa imepikwa. Nyama, kuku na samaki vipikwe ndani ya siku 1 hadi 2, au viwekwe kwenye friza.
- *Droo:* mboga na matunda. Chambua mchicha na matembele, ondoa majani yaliyooza, funga kwa kitambaa safi kikavu. Osha wakati wa kupika, kwa sababu unyevu huharakisha kuoza.
- *Mlangoni:* maji, achari na tomato sosi. Hapa joto hupanda kila mlango unapofunguliwa, hivyo maziwa yasikae hapa.
- *Nje ya jokofu:* vitunguu maji na viazi mviringo, mahali pakavu penye hewa na kivuli.

Viporo

Chakula kilichopikwa kiingie kwenye jokofu ndani ya saa 2. Siku za joto kali linalozidi nyuzijoto 32, ndani ya saa 1. Sufuria kubwa ya maharage hubaki na uvuguvugu katikati kwa muda mrefu, hata ndani ya jokofu. Yagawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina ili yapoe haraka.

Wali na pilau vinahitaji uangalifu zaidi. Bakteria aitwaye *Bacillus cereus* huacha mbegu zinazohimili kupikwa. Wali ukilala nje usiku kucha, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali wa namna hiyo utupwe.

Bandika karatasi yenye tarehe kwenye kila chombo. Kiporo kiliwe ndani ya siku 3. Pasha kiasi kitakacholiwa tu, hadi kitoe mvuke kote, mchuzi uchemke.

Umeme ukikatika

Usifungue mlango. Jokofu lililofungwa hutunza baridi kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa, saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Saa 4 zikipita, tupa nyama, samaki, maziwa na viporo vilivyokuwa kwenye jokofu. Usionje ili kuhakikisha: chakula chenye vimelea hatari huweza kunukia vizuri na kuwa na ladha ya kawaida.

Usafi wa kila wiki

Safisha siku moja kabla ya kwenda sokoni, jokofu likiwa na vitu vichache. Lichomoe kwenye umeme, futa rafu kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha zikaushe. Kilichomwagika kifutwe papo hapo. Barafu ikiganda sana kwenye friza, iache iyeyuke yenyewe. Usiikwangue kwa kisu, maana kisu huweza kutoboa mabomba ya gesi.

Tuanze leo

Andika mpangilio huu kwenye karatasi na uibandike mlangoni mwa jokofu. Msomee kila anayelifungua: watoto, babu na bibi, na dada anayesaidia kazi za nyumbani. Mtu mmoja akiweka kuku mbichi juu ya matunda, kazi ya wengine wote imeharibika.