Ordonansi Isiyotaja Idadi ya Sindano

Ninaishi na kisukari Alunguli, mjini Kindu, upande wa kuume wa mto Lualaba. Komuni za Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo, na hakuna daraja. Farmasia ya kwetu ikikosa kitu, ni kuvuka kwa mtumbwi. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Sindano ni sehemu ya dawa. Insulini haimezwi, kwa sababu tumbo huisaga kama chakula. Mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini huko Toronto Januari 1922, na mpaka leo karibu sisi sote tunaoitumia tunaipata kwa kudungwa. Kwa hiyo anayempa mgonjwa insulini bila sindano hajampa dawa bado. Nawaomba wafadhili wanaoleta msaada wa insulini walikumbuke hili.

2. Hesabu ifanyike mbele ya dokta. Ordonansi nyingi nilizopewa zilitaja jina la insulini na yuniti zake, kisha chini kabisa "seringi", bila idadi. Muuzaji naye hutoa chache, na kichupa cha mililita 10, chenye yuniti 1,000, hubaki kimejaa wakati seringi zimekwisha. Hesabu yenyewe ni nyepesi: anayejidunga asubuhi na jioni anahitaji 60 kwa siku 30, anayejidunga mara nne, 120. Siku hizi nasema kabla karatasi haijapigwa muhuri: "Dokta, tafadhali, andika na idadi." Sijakataliwa. Madokta wetu wana wagonjwa wengi mlangoni, na hili husahaulika kwa urahisi.

3. Idadi bila aina inaweza kuua. Kuna insulini ya yuniti 100 kwa kila mililita, na kuna ya yuniti 40, na kila moja ina seringi yake. Kwa kawaida seringi ya 100 ina kifuniko cha rangi ya machungwa, ya 40 chekundu, lakini mimi nasoma namba iliyoandikwa ubavuni. Ukivuta insulini ya 100 kwa seringi ya 40 hadi alama ya 10, umejidunga yuniti 25. Sukari huanguka, mtu akatetemeka, akatoka jasho, akazimia. Anayetumia kalamu ya insulini anahitaji sindano zake fupi za kufunga kwa skrubu. Za milimita 4 zinawatosha hata watu wanene. Yote haya yaandikwe kwenye ordonansi, maana anayetumwa kuvuka mto mara nyingi ni mtoto au shemeji, na yeye ataonyesha karatasi tu.

4. Weka akiba ya sindano, si ya insulini. Kichupa kikishafunguliwa hutumika kama wiki nne tu, na joto la Kindu linaweza kuiharibu insulini hata kabla ya hapo. Sindano hazitaki friji. Zikiwa kwenye paketi yake, pakavu, hukaa miaka. Kwa hiyo fedha ikipatikana, majirani tunaotumia aina moja huchanga tukanunua boksi la seringi 100 na kugawana. Hapo mvua kubwa juu ya mto haitutishi sana.

5. Kurudia sindano kuna gharama yake. Imetengenezwa itumike mara moja. Najua umaskini unavyotulazimisha, siwezi kumhukumu mtu. Lakini ncha hupinda, ngozi huota vinundu, na insulini iliyodungwa kwenye kinundu huingia mwilini ovyo, leo kidogo, kesho nyingi. Anayelazimika kurudia arudie yake mwenyewe, aifunike, asiifute kwa alkoholi, kwani huondoa ule utelezi wa ncha. Na abadilishe mahali pa kudunga. Kuazimana sindano, hapana, hata kati ya mama na mtoto wake: ukimwi na homa ya ini hupitia hapo.

6. Zilizotumika nazitia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na ikijaa naipeleka kituo cha afya zikachomwe. Watoto wa Alunguli hucheza peku kwenye jalala.